Papa wa Kwenye Beseni

Papa upanga aliyetuletea balaa alikufa kabla sijazaliwa. Nyama yake ililiwa, mafuta yake yakapakwa mitumbwini, na ile pua yake ndefu yenye meno pande zote mbili, ambayo ndiyo upanga wenyewe, ikatundikwa juu ya mlango wa chumba cha babu. Babu alipofariki, mjomba wangu akaurithi. Mimi nimeukuta pale tangu natambaa: mrefu kama mkono wa mtu mzima, rangi ya moshi, meno mengine yameng'oka. Kwa hiyo ninaposikia watu wenye vyeti vikubwa wakitangaza kwamba mnyama huyo amerudi katika delta ya Rufiji, damu inanipanda kichwani. Hakurudi. Alitunguliwa mlangoni, akalowekwa kwenye beseni, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikitazama.

Nalisimulia jambo hili nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimeshaambiwa nitulie vya kutosha.

Kwetu ni kijiji cha ndani, cha kufika kwa boti kutoka Nyamisati, na nyuma ya kijiji kuna kijito kinachoingia kwenye mikoko. Kijito hicho ni cha wanawake. Hakuna karatasi inayosema hivyo, lakini hakuna mwanamume wa kwetu atakayekwenda kutega nyavu mle akarudi na uso wake. Maji yanapoanza kupwa, wanawake huingia wawili wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili za kitambaa chepesi, wakakikokota taratibu maji yakiwa kiunoni, kisha wakakinyanyua kwa pamoja. Huko ndiko kutanda. Wanachopata ni uduvi, kamba wadogo wasiozidi ukucha. Wakishawaanika kwenye mikeka, wanawapeleka Kibiti, na wengine wanafika mpaka Chumbi, kwa wakulima wa mpunga ambao wasipotia uduvi kwenye mchicha wanaona hawajala. Mama yangu alianza kutanda mle akiwa na umri wa miaka saba, ameshikana kitambaa na mama yake. Sare zangu za shule, madaftari, nauli ya chuo, vyote vilitoka kwenye kitambaa kile.

Chuoni nilisomea uvuvi. Nilipomaliza nikapata kazi kwenye mradi mmoja wenye ofisi Kibiti, uliokuja kuchunguza viumbe wa delta kwa kutumia maji. Nieleze, maana wengi huniuliza. Kila kiumbe aishiye majini huacha kitu chake: ute, magamba, kinyesi, vipande vya ngozi visivyoonekana kwa macho. Ndani ya hivyo mna vinasaba vyake. Ukichota maji, ukayapitisha kwenye kichujio chembamba, kichujio kikaenda maabara kwenye barafu, huko wanasoma ni nani kapita mahali pale. Huna haja ya kumvua samaki wala kumwona. Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Nilivaa glavu zangu, nikakanyaga tope nililolizoea, nikajiona mtu aliyekwenda mbali akarudi na kitu cha maana mkononi.

Mkuu wa mradi alikuwa mtu wa Dar es Salaam, msomi kwelikweli, tulimwita daktari. Si mtu wa kutukana wala kupiga kelele. Alikuwa na sauti ya upole, na upole wake ndio uliokuwa ukiniudhi kuliko chochote, kwa sababu mtu akikunyima haki kwa upole unaonekana wewe ndiye mkorofi.

Mara ya kwanza alipokuja kijijini kusoma orodha ya samaki waliopatikana kwenye maji, mama alisimama akauliza, "Mbona hongwe simsikii?"

Hongwe ni samaki asiye na magamba, mwenye ndevu na miiba yenye sumu. Kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anamjua, maana ndiye wa kwanza kumliza.

Daktari akapitia karatasi yake. "Hongwe hajaonekana katika kijito hiki, mama."

"Hajaonekana na nani? Jana kanichoma." Mama akanyanyua mguu, akamwonyesha kidonda. Watu wakacheka.

Daktari naye akacheka kidogo. Akasema, "Mama, binadamu tunaweza kukosea. Maji hayasemi uongo."

Baadaye, tukiwa kwenye boti, aliniambia kwamba orodha ya vinasaba wanayolinganishia haikuwa na hongwe wa aina ile, kwa hiyo mashine isingeweza kumtaja hata angekuwa amejaa mle. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia watu hivyo. Akajibu kwamba mambo ya kitaalamu yakielezwa sana yanachanganya wananchi. Nikanyamaza. Nakumbuka nilinyamaza, na huko ndiko nilikoanza kukosea.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa zamu ya kuchota tena maji ya kijito chetu, na safari hii daktari alikuja mwenyewe kwa sababu ripoti ilikuwa imechelewa. Asubuhi mashine ya boti ya mradi ikagoma Nyamisati. Tukadandia boti ya abiria hadi kijijini, na mimi, kwa kujipendekeza, nikasema mjomba wangu ana mtumbwi mzuri, mkubwa, hauvuji.

Mjomba alifurahi kupita kiasi. Alikuwa hajawahi kumbeba mtu mwenye cheo. Akaniambia, "Mpe mgeni chai, mie nikakioshe chombo."

Mimi nilijua maana yake. Katika ukoo wetu, si kijiji kizima, ni ukoo wetu tu, chombo kinachobeba mgeni huoshwa. Babu alikuwa akisema kwamba papa aliyepasua nyavu za watu maisha yake yote ndiye ajuaye kulinda chombo. Basi mjomba akautungua upanga, akauloweka kwenye beseni la maji, akatia marashi, akasoma dua, akaacha mpaka maji yakabadilika rangi kidogo. Kisha akachovya kitambaa akapaka kingo za mtumbwi, ubao wa kukalia, kasia, na lile kopo la kutolea maji yanayoingia chomboni. Kopo alilisugua ndani na nje, kwa bidii, kama mtu anayesugua sufuria ya wakwe.

Nilimwona. Daktari alikuwa barazani akinywa chai na mama. Ningeweza kwenda kumwambia, "Tusubiri, mtumbwi huu umepakwa maji ya papa." Lakini nikaona haya. Nilimwona kichwani mwangu yule msomi akitabasamu kwa upole wake, akisema, au asiseme, kwamba msaidizi wake ametoka kwa watu wa ushirikina. Nikajiambia ni maji tu. Mfupa mkavu wa miaka yote hiyo una nini? Na mimi ndiye niliyesomea.

Tulipofika kijitoni nikagundua kwamba ndoo ya mradi, ile iliyosafishwa kwa dawa na kufungwa kwenye mfuko, tumeiacha kwenye boti iliyoharibika. Daktari akatazama huku na huku, akaona kopo la mjomba.

"Tumia hilo. Lisuuze mara tatu."

Nikalisuuza mara tatu kwa maji ya kijito, nikachota, nikajaza chupa.

Ilibaki chupa ya maji safi ya maabara. Chupa hiyo ndiyo mlinzi wa kazi nzima. Unaifungua palepale unapofanyia kazi, maji yake unayapitisha kwenye chombo kilekile ulichochotea, unayachuja kama mengine. Kama kuna uchafu umetoka kwako, kwenye mikono yako au vyombo vyako, utaonekana humo. Nikaanza kuifungua. Daktari akatazama maji, yalikuwa yanapwa upesi, na anayekwama kijitoni hukaa kwenye tope mpaka maji yajae tena.

"Hiyo tutaifanya Nyamisati, dada. Twende."

Nyamisati tuliifanya juu ya meza, kwa kikombe kipya kilichotoka kwenye pakiti. Kwenye fomu, pale panapouliza chupa ya maji safi imefunguliwa wapi, aliniambia niandike: ndani ya mtumbwi. Nikaandika. Pale panapouliza maelezo ya ziada, nikapiga mstari. Mwandiko ni wangu, saini ni yangu. Sitamsukumia mtu mwingine hilo.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa sokoni Kibiti nanunua nyanya, daktari akanipigia simu. 

"Dada! Tumempata papa upanga! Kijito cha kwenu!"

Nilipiga vigelegele palepale sokoni. Mnielewe, sikuunganisha. Nilikuwa nimeshausahau upanga kama mtu anavyosahau pazia la nyumbani kwao. Nilichofikiria ni kwamba mnyama ambaye wazee wanasema hawajamwona tangu ujana wao yuko hai, na aliyechota maji yaliyomfichua ni mimi.

Wakafanya sherehe Kibiti, kwenye ukumbi, kwa biriani na soda. Kila mmoja akapewa fulana yenye picha ya papa kifuani. Nikaikunjua yangu, nikaitazama ile picha: pua ndefu, meno huku na huku.  Nikaona mlango wa chumba cha mjomba, nikaona beseni, nikaona kopo. Mbele yangu daktari alikuwa anapeana mikono na wageni, anacheka kama bwana harusi. Nikakunja fulana, nikaiweka chini ya kiti. Sikusema kitu siku ile. Wala kesho yake. Nilikaa na siri hiyo wiki nzima, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kilichoniumbua ni simu ya mama.

Watu wa mradi walikuwa wamefanya kikao kijijini. Waliitwa wawakilishi wa wavuvi, yaani wanaume wenye nyavu, ambao huvua nje huko kwenye mlango wa mto na hawana haja na kijito. Wakaulizwa kama wanakubali kijito kifungwe kumlinda papa. Wangekataa kwa sababu gani? Wakakubali, wakapiga picha. Wanawake hawakuitwa, kwa sababu kwenye daftari la mradi wanaotanda uduvi si wavuvi. Asiyekuwepo na lake halipo. Wiki hiyohiyo likaja bango la bati, likasimikwa kwenye njia ya kushukia: hifadhi ya papa upanga, marufuku kuvua kwa nyavu, kitambaa, wala kifaa chochote.

Mama hakunisalimia. Aliuliza, "Wewe ndiye uliyechota yale maji?"

"Ndiye mie, mama."

"Basi kayarudishe."

Akakata simu.

Nikaenda ofisini nikamweleza daktari kila kitu: upanga, beseni, kopo, na chupa iliyofunguliwa Nyamisati. Nilieleza nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa ile fomu, akaniwekea mezani.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu. Lakini wewe ndiye uliyeniambia."

"Mimi sikumbuki hivyo, dada." Kwa upole. "Na ukumbuke, kuwa na kiungo cha mnyama huyu nyumbani ni kosa. Unataka niandike kwenye ripoti kwamba mjomba wako anacho?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Angenitukana ningejua la kumjibu. Akaniambia nitulie, kwamba watapima tena, sayansi ndivyo ilivyo, inajisahihisha.

Wakapima tena kweli. Safari hii kwa boti ya mradi, kwa ndoo safi, chupa ya maji safi ikafunguliwa palepale kijitoni. Niliichuja kwa mikono yangu. Chupa zilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza, tangu mdomoni mwa kijito mpaka ndani kabisa inakoishia mikoko. Majibu yalipokuja, papa upanga hayumo. Hakuna hata chembe.

Nikakimbilia ofisini nikijua yamekwisha. Daktari alikuwa ameshasoma. Akavua miwani.

"Kutoonekana si kutokuwepo," akasema. "Huyu ni mnyama adimu, anahamahama. Lazima tuwe waangalifu."

Hebu niambie wewe unayesoma. Hongwe asipoonekana, maji hayasemi uongo. Papa asipoonekana, kutoonekana si kutokuwepo. Mama yangu na kidonda chake mguuni, binadamu tunaweza kukosea. Nilitaka kuchukua ile miwani niivunje. Badala yake nikasema, "Sawa, daktari," nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa choo kama mtoto wa shule. Nalisema hili kwa sababu linanichoma mpaka leo, ile sawa daktari yangu.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Niliwakuta mama na mjomba barazani, mbele yao mkeka wa kuanikia uduvi umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Nikawaeleza yote. Nilidhani mjomba atashtuka. Loo! Yule bwana akatabasamu.

"Baba alikuwa na nguvu yule. Hata baada ya kufa kwake, chake kinazuia watu kupita."

"Kinamzuia dada yako, kaka!" Mama akamfokea. "Kinanizuia mie! Wewe wacheka?"

Tabasamu likamtoka. Akainamisha kichwa, akawa anakwangua udongo kwa kidole cha mguu.

"Nikimpelekea mtu ule upanga akauona," akauliza, "si atajua maji yametoka wapi?"

"Atajua, mjomba. Lakini watakukamata. Nyara ya serikali ile."

"Nyara? Kitu cha baba yangu?"

Mama akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Basi uwache ulipo. Sitamtoa kaka yangu kwa askari kwa ajili ya uduvi. Nitalima mihogo."

Mama yangu hajui kulima mihogo. Shamba letu la Dimani aliliuza zamani, na mgongo wake hauinami tena. Aliyasema hayo akiutazama ule mkeka uliokunjwa, na mjomba akamwona anavyoutazama. Mjomba akanyanyuka, akaenda zake bila kuaga.

Wiki mbili baadaye mradi ukaleta wageni kuja kuona kijito. Watu wakakusanyika nje ya ofisi ya kijiji, kukapangwa viti, na daktari akasimama kueleza. Mimi nilikuwa upande wa viti, nimevaa ile fulana kwa amri, sanduku la vifaa miguuni. Wanawake walikaa chini upande wa pili, mama katikati yao, kanga kajifunika mpaka puani.

Daktari akafika pale anapopapenda. "Maji," akasema, "hayasemi uongo."

Ndipo mjomba akaja. Mkono mmoja ana beseni la plastiki, maji yanamwagika njiani. Mkono wa pili ana kitu kirefu kimefungwa kwenye kanga. Akapita katikati ya viti kama anayewahi swala, akaweka beseni juu ya meza, juu ya makaratasi ya daktari, akaifungua kanga na kuutumbukiza upanga. Maji yakaruka mpaka kwenye shati la mgeni mmoja.

"Bwana mkubwa," akasema. "Chota hapa upime."

Daktari akavuta karatasi zake kutoka chini ya beseni. 

"Kama maji hayasemi uongo, chota. Siku ile nimekiosha chombo changu kwa maji haya, kwa ajili yako, kwa kukutukuza wewe mgeni wangu. Kopo ulilochotea nimelisugua kwa maji haya. Papa wako ndiye huyu. Kafa zamani, baba yangu kamla na wenzie, na siye tumebaki na pua. Sasa mwache dada yangu atande."

Wanawake wakaanza. Kwanza mmoja alicheka, kisha wote wakapiga vigelegele vya shari, si vya furaha.  Afisa aliyefuatana na wageni akainuka, akautoa upanga kwenye beseni kwa ncha za vidole, akamwambia mjomba aongozane naye. Mjomba alikuwa ameshajiandaa. Mfukoni alikuwa na mswaki na kibandiko chake cha mgongo.

Wakati wanamwongoza kwenda kwenye boti, mimi nikafungua sanduku. Kazi naijua. Nikavaa glavu mpya, nikachota maji ya beseni, nikayachuja mbele ya kadamnasi. Nikafungua na chupa ya maji safi, palepale, juu ya meza ileile. Nikajaza fomu. Mahali: beseni, nje ya ofisi ya kijiji. Maelezo ya ziada: nikaandika mpaka nafasi ikaisha, nikageuza nyuma ya karatasi.

Daktari akaninong'oneza, "Dada, tulia. Unajiharibia."

"Tulia wewe," nikamwambia.

Kichujio kile hakikupitia ofisini kwake. Nilikipeleka mwenyewe kwa mtu niliyesoma naye anayefanya kazi kwenye maabara ileile, akanipimia kwa wema wake. Vinasaba vya kwenye beseni na vile vya maji ya kijitoni ya mara ya kwanza vilikuwa ni vya mnyama yuleyule mmoja, herufi kwa herufi, na chupa ya maji safi ilikuwa tupu. Nikayatuma majibu kwa daktari. Jibu lake ninalo kwenye simu mpaka leo. Aliandika kwamba hilo linathibitisha kuwa papa upanga ni mkazi wa asili wa kijito chetu, na hivyo umuhimu wa kukihifadhi unazidi.

Mkataba wangu haukuongezwa. Mjomba walimwachia baada ya siku nne kwa sababu ya umri wake, lakini kila mwezi hupanda boti, kisha bodaboda, kwenda Kibiti kusaini kwenye daftari kwamba yupo. Upanga haukurudi. Nimesikia umewekwa ndani ya kioo kwenye ofisi ya mradi, wageni wanapiga nao picha. Ombi la kufungua kijito linashughulikiwa. Nimeuliza na nani, nikaambiwa na wahusika.

Mama alivumilia mpaka siku alipokwenda Kibiti kumwona mgonjwa, akapita sokoni, akajikuta amesimama mbele ya fungu la uduvi akiuliza bei. Uduvi! Mwanamke aliyeanza kuwaanika kabla hajang'oka meno ya utotoni.  Kesho yake, maji yalipoanza kupwa, akaushusha mkeka ukutani, akakitoa kitambaa sandukuni, akaniambia, "Shika upande wa pili."

Tulilipita bango. Nyuma yetu nikasikia milango inafunguka, na wanawake wengine wakitoka wawili wawili na vitambaa vyao mabegani, bila kuitwa. Hatukuimba, hatukupiga kelele. Tukashuka kwenye tope, maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Nilikuwa sijatanda tangu nianze chuo na mikono yangu ilikuwa imesahau kupishana na ya mama, akawa ananifokea, nyanyua, wewe, nyanyua, hujifunzi?

Mara ya tatu tulipokinyanyua kitambaa nikasikia moto kwenye unyayo, moto wa kupanda mpaka nyongani. Nikapiga ukelele. Mama akazamisha mkono mmoja majini, akapapasa kwenye tope karibu na mguu wangu, akamtoa ameminywa nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, ndevu zinacheza, miiba imesimama. Akaninyanyulia mbele ya uso. Kwa mara ya kwanza tangu bango lije, nikamwona anacheka.

"Haya, msomi," akasema. "Yupo, hayupo?"

Machozi yalikuwa yananitoka. "Yupo, mama."

Akamtupa kwenye kapu, akashika tena pembe zake za kitambaa, akanisubiri nishike zangu.